Ujuzi wa Mguu na Ushahidi wa Taa

Kikanyagio cha gia cha pikipiki kina tabia moja isiyokuwamo katika mkono wa gia wa gari: hakiweki kumbukumbu. Dereva wa gari akitia gia ya tatu, mkono ule hubaki pale alipouacha, naye aweza kuupapasa gizani akajua alipo. Mpanda pikipiki hana bahati hiyo. Akikanyaga, gia huingia, kisha kikanyagio hurudi mahali pake pa awali, mithili ya mjumbe aliyetumwa akarejea kimya, asiseme kama ameufikisha ujumbe au la. Katika gia ya kwanza kimekaa hivyo, na katika ya nne kimekaa hivyo hivyo. Zaidi ya hayo, gia zenyewe hufuatana kwa zamu wala haziruki. Atokaye ya nne hafiki ya pili ila kwa kupita ya tatu. Basi mwenye chombo hubakiwa na mashahidi watatu: sauti ya injini, mvuto wa chombo auhisio mwilini, na hesabu aliyoihifadhi kichwani tangu alipoondoka.

Watengenezaji wa vifaa wamemletea shahidi wa nne. Ni kijisanduku kidogo kinachofungwa karibu na saa ya mwendo, chenye tarakimu moja ing'aayo: 1, 2, 3, 4, na kwa pikipiki nyingine 5, na gia ikiwa nyutro huonyesha 0 au herufi yake. Baadhi ya pikipiki za Kichina huja nacho kutoka kiwandani. Nyingine, na miongoni mwao ni Boxer nyingi za Kihindi zilizoenea barabarani, zina taa ndogo ya kijani ya nyutro tu, na anayetaka zaidi hana budi kununua kifaa na kumpelekea fundi. Jambo lenyewe ni la nyaya chache na saa moja ya kazi. Lakini limebeba swali ambalo wenye hekima wamelizungumza kwa majina mengine tangu zamani: je, mtu aliyekwisha kujua ana haja gani ya kuambiwa? Na akikubali kuambiwa, ujuzi wake hubaki wake?

Swali hili lina uzito wa namna yake mahali kama Nyangamara, katika bara ya Lindi upande wa Mtama, nchi ya korosho na ufuta. Kusini kulikaa miaka mingi kama kisiwa pasipo maji kukizunguka. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla ya hapo safari ya Dar es Salaam ilikuwa ni kungojea kivuko na kuomba mvua isinyeshe. Pikipiki ziliingia vijijini kwa wingi miaka iliyofuata, na mwaka 2010 zikatolewa kanuni zilizoipa kazi ya kubeba abiria kwa pikipiki sura ya halali. Leo pale ambapo gari halifiki, bodaboda hufika. Hubeba gunia la korosho, hubeba bati za kuezekea, hubeba mwalimu; na usiku hubeba mama aliyeshikwa na uchungu, akipelekwa hospitali ya Nyangao, amekaa katikati, nyuma yake shangazi au mama mkwe akimshikilia asianguke. Njia ni ya mchanga, na penye mteremko mchanga huwa mwingi zaidi. Mpanda pikipiki anayeteremka hapo akidhani yuko gia ya pili, kumbe yuko nyutro, ataachilia mafuta akitazamia injini imshike, na injini haitamshika. Akidhani yuko ya tatu, kumbe yuko ya pili, kisha akashusha moja zaidi, gurudumu la nyuma laweza kuzuiwa ghafla likateleza. Katika hali zote mbili kosa ni la hesabu ya kichwani. Mguu umefanya ulilotumwa.

Wako wanaokidharau kifaa hiki, na hoja yao si ya kupuuzwa. Husema kwamba aliyeiva katika kazi haitazami gia, kama vile mtu hatazami miguu yake anapotembea. Injini ikilia kwa sauti nyembamba, mguu umekwisha panda. Ikianza kukoroma, mguu umekwisha shuka. Na yote hayo hutendeka mdomo ukizungumza na abiria habari za bei ya ufuta. Ujuzi huu haukuandikwa popote. Umelipiwa kwa magoti yaliyochunika na kwa klachi zilizoungua. Kumfungia mtu wa namna hiyo tarakimu mbele ya macho, wasema, ni kumvuta jicho kutoka barabarani lilipo shimo, na kumpeleka kwenye kioo ambako hakuna ila habari aliyokwisha kuwa nayo.

Wapenzi wa ushairi wataitambua hoja hii mara moja, maana ni ile ile ya mizani. Mwanafunzi wa utunzi huhesabu kwa vidole: minane hapa, minane pale, mstari umetimia kumi na sita. Mshairi aliyekomaa hahesabu. Sikio lake hujikwaa mstari unapochechemea, kabla akili haijajua ni silabi ipi iliyozidi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliyaweka wazi mambo ambayo malenga wa pwani walikuwa wakiyashika kwa masikio kwa karne nyingi. Yamkini wapo waliokisoma wakadhani kwamba kuhesabu ndiko kutunga, wakaandika mistari iliyotimia mizani na kufa papo hapo. Lakini kosa hilo halikuwa la kitabu. Hata mlumbi mwenye sikio zuri, akiamka asubuhi na shairi alilolitunga usiku wa manane, huinua vidole akahesabu tena. Hufanya hivyo kwa kuwa anajua kwamba sikio la usiku ule lilikuwa limechoka, na haoni aibu.

Hapo ndipo hoja ya wenye kudharau hupungua nguvu. Wao husema juu ya mjuzi kana kwamba ujuzi ni mali iliyofungiwa sandukuni, isiyopungua asubuhi wala usiku. Sivyo ulivyo. Kijana wa bodaboda huamka alfajiri na kulala usiku, kwa sababu chombo aghalabu si chake. Yuko tajiri anayesubiri hesabu ya siku, au uko mkataba ambao baada ya miezi mingi ya kulipa utamfanya kijana awe mwenye pikipiki. Kwa hiyo kichwani mwake mna hesabu mbili kwa wakati mmoja: ya gia na ya fedha. Saa nne usiku, akiwa amekwisha zunguka tangu asubuhi na bado amepungukiwa, ni hesabu ipi itakayomponyoka kwanza? Mjuzi wa saa mbili asubuhi na mjuzi wa saa nne usiku wana jina moja na leseni moja, lakini si watu wawili wa kuaminiwa sawasawa. Kijana mwenyewe ni wa mwisho kuitambua tofauti yao, kwa kuwa uchovu hula kwanza ule uwezo wa kujijua umechoka.

Basi na afungiwe taa. Lakini hapa yafaa kuuliza jambo ambalo wanunuzi hawalitazami: taa yenyewe imejuaje?

Ziko njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko bei yake. Njia ya kwanza ni ya kugusa. Ndani ya sanduku la gia mna gogo la chuma linalozunguka kidogo kila gia inapobadilishwa. Fundi hufungua kifuniko cha upande wa kushoto, kule iliko spoketi ndogo ya mbele, husafisha tope na grisi iliyoganda, kisha badala ya swichi ya nyutro peke yake huweka swichi yenye vituo kwa kila gia. Gogo linapofika mahali pa gia ya pili, chuma hugusa kituo cha pili, na waya wake huwasha 2. Shahidi huyu ameona, kwa maana halisi ya kuona: yupo mahali tendo lilipotendeka.

Njia ya pili ni ya kukisia. Kifaa hakifiki kabisa kwenye sanduku la gia. Huchukua habari ya mizunguko ya injini kutoka upande mmoja, na habari ya mwendo wa gurudumu kutoka upande wa pili, kikagawanya. Tuseme injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika na gurudumu mara 600. Jawabu ni kumi, na kifaa kimefundishwa kwamba kumi ni gia fulani. Ndiyo, kimefundishwa: siku ya kukifunga, mpanda pikipiki huendesha akipandisha gia moja baada ya nyingine, akikiambia kwa kibonyezo, hii ni ya kwanza, hii ni ya pili, nacho hukariri. Kila kinachokijua kimekipata kwa mguu wa binadamu. Siku hiyo mguu ulikuwa mwalimu na taa ilikuwa mwanafunzi. Siku ya pili yake taa hugeuka mwalimu, na aghalabu mguu husahau kwamba unarudishiwa maneno yake wenyewe. Klachi ikishikwa, injini na gurudumu huachana, mgawanyo hauna maana tena, na kifaa chenye adabu huonyesha kistari badala ya tarakimu. Na ikiwa mwendo husomwa kwenye gurudumu, kisha mwenye chombo akabadilisha spoketi ya nyuma akaweka kubwa zaidi apate nguvu ya kubebea magunia, uwiano wote umebadilika, na kifaa kilichokuwa mkweli jana huanza kusema uongo bila ya kukusudia, mpaka kifundishwe upya.

Wanazuoni wa dini katika upwa huu wamezoea kuzipambanua daraja za yakini, na hupenda kuzifafanua kwa moto: yuko ajuaye kwamba kuna moto kwa kuona moshi, yuko auonaye moto wenyewe, na yuko aliyeunguzwa nao. Kifaa cha kukisia ni mtazama moshi. Kifaa cha kugusa ni mtazama moto. Mguu ndio ulioungua. Nyangamara, fundi akimwambia mteja kwamba vyote viwili ni "kionyesha gia" na kimoja ni rahisi zaidi, amesema kweli ya bei akanyamazia kweli ya ushahidi. Haitoshi kujua taa inasema nini. Yapasa kujua inasema kwa daraja gani ya yakini, maana moshi nao una matumizi yake, ilimradi asitokee mtu akauita moto.

Wala shahidi wa kugusa hasalimiki. Chukua taa ya nyutro, iliyo ndogo na ya zamani kuliko zote. Hufanya kazi kwa njia nyepesi: gia ikiwa nyutro, swichi huunganisha waya na mwili wa injini, umeme ukapata njia, kijani kikawaka. Sasa waya huo ukichubuka kwa mtikisiko na kugusa chuma cha fremu, kijani kitawaka katika kila gia, na mtu atakayeiamini taa akaachia klachi atarushwa mbele. Balbu ikiungua, giza litamaanisha mambo mawili kwa wakati mmoja: haiko nyutro, au shahidi amekufa. Kimya cha taa hakifasiriki. Katika mahakama, shahidi asiyefika huandikwa kwamba hakufika. Kwenye dashibodi ya pikipiki kutofika kwake huhesabiwa kuwa ushahidi.

Watu wa bahari walilipitia jambo hili kabla ya injini. Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima urefu wa nyota juu ya upeo kwa vidole vya mkono ulionyooshwa. Ndiyo maana kipimo chao kiliitwa kidole, isbaa, kiasi cha digrii moja na nusu na ushei. Baadaye kidole kikawa ubao: kipande kidogo chenye uzi uliopigwa mafundo. Nahodha aliushika uzi kwa meno kwenye fundo, akaunyoosha ubao mbele ya jicho, ukingo wa chini ukakaa juu ya bahari na wa juu ukagusa nyota. Fundo lilikuwa bandari. Aliyelipiga alikwisha fika bandari hiyo, akapima, akafunga. Na aliyerithi uzi alirithi safari ya mwingine, kama vile kifaa cha gia kinavyorithi mguu uliokifundisha. Mwili ulikabidhi ujuzi wake kwa chombo, na hakuna aliyesema kwamba ubahari umekwisha.

Lakini ubao ule nao ulikuwa na mpaka. Nyota ya Jaa, iliyo mwega wa vipimo hivyo vyote, huzama kadiri chombo kinavyokwenda kusini. Kilwa Kisiwani iko karibu digrii 9 kusini mwa ikweta, na hapo Jaa haionekani kabisa. Nahodha aliyejua mafundo tu, asijue mbingu, alifika pwani hii akiwa na chombo kizuri kisicho na la kusema. Aliyejua mbingu aligeukia Farqadani, na zilipozama hizo akageukia nyota za Naashi. Ahmad bin Majid wa Julfar, nahodha na mshairi wa karne ya 15, alieleza njia za kuja pwani hii mpaka Sofala, Kilwa ikiwamo, katika utungo wa bahari ya rajazi. Wasomaji wengi wa leo huona ni ajabu kwamba mtu aandike kwa nudhumu mambo ya vipimo na miamba. Wapenzi wa tungo hawatashangaa. Nudhumu hukaa kichwani, hilo kila mtu hulijua. Lenye faida zaidi ni kwamba nudhumu huusaliti upotofu wake yenyewe. Mwanafunzi akisahau neno, mstari huchechemea. Akibadilisha neno, kina hulia. Utungo ni chombo cha kumbukumbu kinachopiga kelele kinapokosewa.

Taa ya gia haina kina wala mizani. Hung'aa kwa uzuri ule ule ikisema kweli na ikisema uongo. Tarakimu 3 ya waya mzima na 3 ya waya uliochubuka zina wekundu mmoja. Kwa hiyo kelele inayokosekana kwenye taa lazima itoke kwa mpandaji: lazima abaki na sikio litakalojikwaa pale injini inapolia kama ya pili na taa ikasema nne. Hapa hutokea ugumu ambao hauna jawabu jepesi. Anayeihitaji taa zaidi ni mwanagenzi, naye ndiye asiyeweza kuikosoa. Awezaye kuikosoa ni mjuzi, naye ndiye asemaye haihitaji. Ukimfungia mwanagenzi tangu siku ya kwanza, huenda sikio lisiote kamwe, kwa kuwa hakuna kitakacholilazimisha kuota. Ukimnyima, atajifunza juu ya mgongo wa abiria. Katika mabaya haya mawili, la kwanza lina nafuu, kwa sababu ujinga wa sikio waweza kutibiwa baadaye kwa kuifunika taa siku njia ikiwa nyeupe na nyuma pakiwa hapana mtu. Mfupa wa abiria haungojei baadaye. Kuhusu mjuzi, taa si ya saa zake nzuri. Ni ya ile saa nne ya usiku.

Wala asidhani mtu kwamba tarakimu humwamulia. Inamwambia alipo, haimwambii kama ndipo panapomfaa kuwapo. Gia ya tatu ni ya haki kwenye lami ya Mtama na ni ya hatari kwenye mchanga wa mteremko, na taa huionyesha kwa namna moja katika mahali pote pawili. Kumbukumbu imepata msaidizi. Uamuzi haujapata.

Bado liko la fedha, na hilo ndilo linaloliondoa swali hili katika falsafa ya starehe. Kama uchovu ndio unaoifanya taa iwe ya lazima, nani ameuleta uchovu? Kijana hakukaa barabarani saa kumi na nne kwa kupenda upepo. Tajiri aliyeweka kiwango cha hesabu aliujua urefu wa siku alipokiweka. Ada ya siku hizi ni kwamba tairi hili na taa ile ni juu ya kijana, hasa akiwa wa mkataba, kwa kuwa "chombo kitakuwa chako." Hoja hii ina mwanya: chombo kitakuwa chake kesho, bali fedha ni za tajiri leo. Avunaye kutokana na saa ya kumi na nne ana deni katika kila kifaa kinachoifanya saa hiyo isiue, na kumtupia kijana gharama yake ni kumtoza kwa kuchoshwa. Matajiri wengi si watu waovu; hawajaulizwa tu.

Na abiria? Mpaka kifaa hiki kilipokuja, abiria hakuwa na njia ya kujua gia. Sauti haimwambii kitu asiyeizoea, na kikanyagio kiko chini ya mguu wa mwingine. Tarakimu, kwa upande wake, humwangaza kila mwenye macho, na aliyekaa nyuma huiona vizuri juu ya bega la dereva. Jambo hili halikukusudiwa na waliokitengeneza kifaa, lakini huenda ndilo kubwa kuliko yote. Katika miteremko mirefu iko desturi inayojulikana sana: kutia nyutro, pengine hata kuzima injini, chombo kishuke chenyewe na mafuta yabaki. Ni akiba ya vijisenti inayowekwa juu ya breki peke yake, na anayewekewa dhamana hiyo hakuulizwa. Gizani mtu huweza kuifanya na asijulikane. Palipo na tarakimu hawezi. Bibi aliyekodi pikipiki kutoka Nyangamara, asiyejua lolote la injini, akiiona 2 ikigeuka 0 kileleni mwa mteremko, ana haki ya kuinama sikioni mwa kijana na kuuliza, "Mjukuu wangu, mbona imeandika sifuri?" Kijana ana mahali pawili pa kuupeleka mguu wake wakati huo. Na ana hila ya tatu ambayo haikai mguuni, nayo ni kipande cha utepe mweusi, kinachouzwa katika kila duka la vipuri, kinachotosha kuifunika tarakimu moja.